Jinsi Watu Walivyojifunza Kukata Kona Juu ya Theluji

Neno theluji twalisoma mara nyingi katika Biblia, katika Zaburi, katika Ayubu na katika Isaya. Lakini sisi wakaaji wa Ugogo, tangu Mlali hata Kongwa na Mpwapwa, twalisoma bila kukiona kitu chenyewe. Kwetu kiangazi ni kirefu na mito ni mchanga mtupu. Basi theluji ni maji yaliyoganda angani kwa baridi, yakaanguka mepesi kama manyoya, yakaifunika nchi yote kwa weupe. Nayo huteleza sana. Kwa hiyo watu wa nchi za baridi hujifunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, zenye ncha zilizokunjwa kwenda juu, wakateremka nazo mlimani kwa mbio kama za farasi.

Tumeazimu kuandika habari za mchezo huo, na hasa habari za mazoezi yake, ingawa hatutumaini kuucheza hapa Mlali. Twaandika kwa sababu katika historia yake limo jambo litufaalo sana sisi wazazi na walimu. Jambo lenyewe ni hili: wale waitwao leo mabingwa wa mchezo huu hawakuzaliwa na ufundi wake. Waliupokea kwa watu wengine wa mbali, na daraja waliyovukia ni mazoezi madogo madogo yaliyopangwa kwa taratibu.

Pengine msomaji atasema, "Theluji ina nini na sisi?" Na akumbuke kwamba theluji imo katika nchi yetu pia. Tarehe 11 Mei, mwaka wa 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa chama cha C.M.S., chama kile kile ambacho baadaye kilijenga misheni Mpwapwa, alikuwa safarini kutoka Rabai kwenda Uchaga, akaona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Habari yake ilipofika Ulaya, wako wataalamu wa London waliomkanusha, wakisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa hawajafika, naye alikuwa amefika. Mwaka wa 1861 na wa 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima ule, na maneno ya Rebmann yakathibitika. Kumbe neno "haiwezekani" husemwa mara nyingi na mtu asiyekwenda kutazama. Twamwomba msomaji alishike neno hilo, maana tutalikuta tena huko mbele.

Sasa tuieleze shida yenyewe. Kuteremka moja kwa moja juu ya mbao si kazi, kwa kuwa mlima wenyewe humvuta mtu. Kazi ni kugeuka. Asiyejua kugeuka hajui kupunguza mwendo wala kusimama, na mbele yake pana mti, au jabali, au shimo. Katika mchezo huu kona ndiyo breki. Anayeteremka hukata kona kwenda kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, njia yake ikawa kama alama ya nyoka mchangani. Na kila akatapo kona, mbao humvusha mteremko kwa upande badala ya kumtupa chini, na mwendo wake hupungua.

Lakini kona ina siri ambayo hofu ya mwili haipendi kuikubali. Mtu aliye juu ya mteremko mkali akiogopa, mwili wake wataka kujilaza nyuma, kuelekea mlima, mbali na bonde. Akifanya hivyo, uzito wake huondoka juu ya mbao, makali ya mbao hayashiki tena, nazo humponyoka. Yampasa kukunja magoti, kuelekeza kifua bondeni, na kuukalisha uzito wake mwingi juu ya mguu wa nje wa kona. Sisi tunaoteremka vilima vya changarawe twaijua siri hii kidogo: anayejilaza nyuma kwa hofu ndiye anayeserereka, na anayesimama sawasawa juu ya nyayo zake hufika chini mzima. Na kwa nini uwe mguu wa nje? Tazameni korongo wakati wa mvua. Maji yafikapo penye kona husukuma ukingo wa nje, nao ndio umegekao. Ukingo wa ndani hubaki na mchanga uliotulia. Kadhalika mtu ageukapo kwa mbio husukumwa kwenda nje, na mguu wa nje ndio unaopaswa kuupokea mzigo.

Je, siri hii iligunduliwaje, na nani aliyeifundisha? Mbao za theluji ni za kale sana katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Watu wa Norwei walizitumia tangu zamani kwenda kuwinda na kutembeleana wakati wa baridi. Katika karne ya 19, katika kijiji cha Morgedal, wilaya ya Telemark, alikuwako mtu maskini jina lake Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka wa 1825. Desturi ya wakati ule ilikuwa kufunga mbao kwa kitanzi kilichoshika vidole tu, hata kisigino kikayumba. Norheim alisokota vijiti laini akafanya kitanzi kilichozunguka kisigino pia, na mbao zake akazichonga ziwe nyembamba kiunoni. Ndipo mguu ulipoweza kuuamuru ubao. Mwaka wa 1868 alikwenda mashindanoni katika mji wa Christiania, ambao leo huitwa Oslo, na watu wa mji wakastaajabu jinsi alivyogeuka na kusimama. Namna mbili za kugeuka zilizoenea siku zile ziliitwa kwa majina ya mahali, moja Telemark na ya pili Christiania.

Norheim hakutajirika kwa ufundi wake. Mwaka wa 1884 alihamia Marekani, akafa huko mwaka wa 1897. Hatusikii kwamba aliandika kitabu cha mafundisho. Watoto wa Morgedal walijifunza kama watoto wetu wajifunzavyo lugha, yaani kwa kuwatazama wakubwa. Namna hiyo ni njema, lakini ina mpaka wake: ufundi usemwao kwa mwili tu hukaa kijijini, na mgeni aliye mbali hana mlango wa kuingilia.

Mlango ulifunguliwa na mwalimu. Mwaka wa 1888 Fridtjof Nansen wa Norwei alivuka nchi ya barafu ya Greenland kwa mbao za theluji, na kitabu alichoandika juu ya safari hiyo kilisomwa Ulaya yote. Austria alikuwako mtu aliyekisoma, Mathias Zdarsky, aliyezaliwa mwaka wa 1856, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa skuli, na wakati ule alikuwa akikaa peke yake milimani karibu na mji wa Lilienfeld. Akaagiza mbao kutoka Norwei. Zilipofika, aliona hazifai milima ya Alps, maana zilikuwa ndefu mno na milima ile ni mikali kuliko ile ya Telemark. Wala hapakuwa na jirani wa kumwonyesha, kwa kuwa siku zile watu wengi wa Austria hawakujua mbao hizo kama vile sisi tusivyozijua leo. Neno hili ni la kukumbukwa, maana leo mtu akitaja Austria mara hutaja mabingwa wa theluji.

Zdarsky akakata mbao ziwe fupi, akabuni kifungo cha chuma, akashika fimbo moja badala ya mbili, akajijaribu, akaanguka, akajaribu tena, hata akaijua sababu ya kila kuanguka. Mwaka wa 1896 alitoa kitabu kilichoeleza kona hatua kwa hatua, ili mtu ambaye hakuwaona wazee wake wakiteleza aweze kujifunza. Wako waliompinga kwa maneno makali, wakisema njia ya Norwei ndiyo njia pekee. Yeye aliwajibu kwa kufundisha. Tarehe 19 Machi, mwaka wa 1905, katika mlima wa Muckenkogel, alifanya mashindano ya namna mpya. Alisimamisha milango 85 mteremkoni, na kila mshindani akatakiwa kupita katika yote. Kwa hiyo watu walijaribiwa kwa kona zao, si kwa mbio peke yake.

Mwaka wa 1916, wakati wa Vita Kuu, poromoko la theluji lilimfunika Zdarsky, likamvunja na kumtegua mahali kama 80 katika mwili wake. Wengi walidhani amekwisha. Yeye akajipangia mazoezi, kiungo kwa kiungo, akajifunza tena kutembea, hata akarudi juu ya mbao. Akaishi mpaka mwaka wa 1940. Wasomaji wa Mlali ambao wamepata kuona watoto wenye ulemavu wa miguu wakifundishwa kusimama, kisha kushika ubao wa kando, kisha kupiga hatua moja, hawatashangaa sana. Wanajua kwamba hatua moja iliyofanywa vema leo ni mama wa hatua mbili za kesho.

Baada ya Zdarsky akatokea Hannes Schneider, naye Mwaustria, aliyezaliwa mwaka wa 1890. Mwaka wa 1907 alianza kufundisha katika kijiji cha St. Anton, katika milima ya Arlberg, na wakati wa Vita Kuu alifundisha askari wengi kuteleza. Askari wale hawakuchaguliwa kwa vipawa. Ilikuwa lazima kila mmoja wao ajue, upesi na bila kuvunjika. Hapo Schneider aliona faida ya kuwagawa watu madarasa kama skulini, na ya kutompandisha mtu darasa kabla hajalishika zoezi la chini yake. Baada ya vita alifungua skuli yake, na namna yake ya kufundisha ikaenea duniani.

Na tuyaeleze mazoezi hayo, pamoja na mengine yaliyoongezwa na walimu waliofuata, kwa kuwa kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni plau. Mwanafunzi huzikaribisha ncha za mbele za mbao na kuzitanua sehemu za nyuma, mbao zikawa kama V iliyopinduliwa. Makali ya ndani hukwangua theluji, na mwendo hupungua. Hufanyiwa penye mteremko mdogo sana, ili mwanafunzi ajue kwanza kwamba aweza kusimama. Mtu asiyejua kusimama hawezi kufundishwa neno jingine, maana hofu imemziba masikio.

La pili ni kona ya plau. Mbao zikiwa vile vile, huulemea mguu mmoja. Akiulemea wa kulia, hugeuka kushoto. Akiulemea wa kushoto, hugeuka kulia. Hapa huonja siri ya mguu wa nje mahali pasipo na hatari.

La tatu ni kuteleza kwa ubavu. Husimama mbao zimeukinga mteremko, kisha hulegeza makali akashuka kwa upande, kisha huyakaza akasimama. Hulegeza na kukaza, hulegeza na kukaza, hata vifundo na magoti vijue kipimo.

La nne huitwa shada, kwa sababu alama zake thelujini zafanana na shada la maua lililotundikwa ukutani. Mwanafunzi huukata mlima kwa upande. Huanza kugeuka kuelekea bonde, lakini kabla ya kuelekea chini kabisa hurudi upande wa mlima. Hufanya mwanzo wa kona mara nyingi bila kuimaliza. Twapenda zoezi hili kuliko yote, maana lamruhusu mtu kuzoea mahali pale pale panapomtisha, akipachukua kidogo kidogo.

La tano ni kuutanua ubao mmoja tu mwanzoni mwa kona, kisha kuukaribisha wa pili, na mwisho kugeuka mbao zote mbili zikiwa sambamba. La sita ni kuinua kidogo nyuma ya ubao wa ndani wakati wa kona. Ikiwa uzito umekaa juu ya mguu wa nje kama ipasavyo, ubao wa ndani huinuka bila shida. Ikiwa haukukaa, mwanafunzi hujua papo hapo, wala mwalimu hana haja ya kumkemea. La saba ni kuteremka bila fimbo, mikono imewekwa kiunoni, ili miguu isitegemee mikono katika kazi iliyo yake.

Msomaji aona ya kuwa hakuna zoezi hata moja katika hayo lililo gumu. Ugumu wa kona kubwa umegawanywa kama mzigo ugawanywavyo kwa wapagazi wengi. Wazee wetu nao walijua hekima hii. Mtoto wa Kigogo hakabidhiwi kundi la ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na ndama karibu na tembe, kisha mbuzi, kisha huenda malishoni pamoja na kaka yake, na baadaye hukabidhiwa ng'ombe. Na mithali yasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika mchezo huu ni kweli hata kwa magoti.

Mwaka wa 1922, huko Mürren katika Uswisi, Mwingereza Arnold Lunn alipanga mashindano ya slalomu ambayo yakawa kiolezo cha yale ya leo. Baba yake alikuwa mmisionari wa Kimethodisti na daktari nchini India, na Arnold alizaliwa huko, katika mji wa Madras, ambako hata jina la theluji ni habari ya kitabuni. Mwaka wa 1936 mbio za kuteremka zenye kona ziliingizwa mara ya kwanza katika michezo ya Olimpiki, huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Schneider naye alipatwa na mambo mazito. Mwaka wa 1938 Wanazi walipoitwaa Austria walimtia gerezani. Mwaka wa 1939 alikwenda Marekani, katika mji wa North Conway, akaanza tena kufundisha. Walimnyang'anya kijiji chake, lakini ufundi uliopangwa vema ulisafiri naye.

Na Afrika je? Mwaka wa 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za theluji, wakateremka nazo. Tangu mwaka huo barafu ya Kilimanjaro imepungua sana. Zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha. Lakini theluji ya mlima ikipungua, wanafunzi wa Kiafrika wameongezeka. Mwaka wa 1996 Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mbio za mita 800, alipelekwa Finland kujifunza mbao za theluji, naye alikuwa hajaiona theluji kabla ya hapo. Mwaka wa 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, katika mbio ndefu za kilometa 10. Alikuwa wa mwisho, wa 92. Mshindi wa kwanza, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mwishoni zaidi ya robo saa ili amkumbatie. Bingwa wa nchi ya Norheim alimheshimu mtu aliyethubutu kuanza. Boit alirudi tena katika Olimpiki za mwaka wa 2002 na wa 2006.

Mwaka ule ule wa 1998 alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mtoto wa kike jina lake Sabrina Simader. Alipokuwa mdogo alichukuliwa na mama yake kwenda kukaa Austria, akawekwa juu ya mbao, akapitia mazoezi kama wapitiavyo watoto wa huko. Mwaka wa 2018, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea, alibeba bendera ya Kenya, naye alikuwa mchezaji wa pekee wa nchi yake, akashindana na wanawake wa dunia nzima katika mbio za kuteremka. Mtoto wa Kilifi ajifunza katika Austria, na Austria ilijifunza kwa Norwei. Wote waliingia kwa mlango ule ule.

Basi, ndugu wasomaji, tumefika penye neno tulilowaomba mlishike. Vijijini mwetu neno "haiwezekani" lasemwa kila siku juu ya watoto. Husemwa kwamba hesabu si za wasichana. Kwamba mitambo ni ya watu wa mjini. Kwamba mtoto huyu hana kichwa, afadhali arudi nyumbani. Na mtoto, kwa kuwa amesikia hivyo, hufanya kama yule aliye juu ya mteremko: hujilaza nyuma kwa hofu, na kwa sababu hiyo huanguka, kisha sisi husema, "Hatukuwaambieni?" Mtoto asiyejua kugawanya yampasa kuulizwa kama ajua kuzidisha, na asiyejua kuzidisha yampasa kuulizwa kama ajua kujumlisha. Mara nyingi tutakuta kwamba iko ngazi moja ya chini ambayo hakuna mtu aliyempitisha.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na walimu wenzetu, mtoto aangukapo tusiulize kwanza ni mtoto wa nani, wala ametoka kijiji gani. Tuulize ni zoezi lipi tuliloliruka, tulirudie pamoja naye mahali penye mteremko mdogo, mpaka ajue kwamba aweza kusimama.